Meza ya Risasi ya Baba Neema

Jumatano, 2 Oktoba

Kidonge cha presha saa moja. Chai bila sukari. Goti la kushoto linauma, la kulia linangoja zamu yake.

Nimefua kanga mbili, nimezianika kwenye kamba yangu huku besimenti, chini ya nyumba, maana ile mashine yao ya kukaushia inakula nguo. Nimerudi nimezikuta zimejaa unga wa mbao. Mkwe ametandaza mbao sakafuni tangu jana, anakata kwa msumeno wa umeme. Hakuangalia juu kuna nini. Mtu mzima hovyo. Nimezifua tena.

Ijumaa, 4 Oktoba

Meza imesimama. Imefungwa ukutani kwa boliti nene kama kidole gumba. Ukiisukuma haitikisiki, nimejaribu alipokuwa hayupo.

Ni ya kujazia risasi. Pendo ndiye kanieleza, anamenya vitunguu, anaongea kama habari ya kabati la vyombo. Mume wake anawinda kila mwaka na Didier, yule Mkongo wa Pickering. Bunduki ina kibali, iko kwenye sanduku la chuma lenye kufuli. Risasi ikishapigwa ganda linabaki, na huku Canada watu wanaokota maganda wakayajaze upya nyumbani. Nikamuuliza, nyumbani kwa nani? Akacheka. Mwanangu anacheka ovyo tangu utoto.

Baba Neema hajaendesha lori tangu Agosti. Mgongo. Daktari kamkataza kubeba na kamkataza kukaa muda mrefu. Mwaka huu hata porini haendi, Didier atakwenda peke yake. Basi amebaki nyumbani mchana kutwa, na mwanaume akibaki nyumbani mchana kutwa lazima atafute kitu cha kugonga.

Tabu ni mahali. Mlango wa chumba changu uko huku, choo kiko kule, meza iko katikati. Pendo anasema nihamie juu, chumba cha Neema kiko wazi tangu aende chuo. Chumba cha Neema kimeshikana ukuta na chao. Nilale nisikie mkwe anavyokoroma? Siendi.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mashine yake imefika. Mkono mrefu wa chuma, unaushusha, unabana. Na mizani ndogo ya kidijitali, na faneli ndogo kama ya kutilia mafuta taa kwenye kibatari. Na baruti. Iko kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko chekundu, kama kopo la kahawa.

Hata wangeiweka kwenye kopo la maziwa ya mtoto ningeijua. Kaka yangu Masanja alikuwa na gobori. Mimi ndiye nilikuwa nashika pembe ya baruti, nina miaka kumi. Siku moja alishindilia, akaitwa, akarudi akashindilia tena. Alipofyatua, mtutu ulipasuka. Tuliokota vidole viwili, cha tatu hatukukiona.

Nimemwambia Pendo. Kasema mama, hilo lilikuwa gobori. Ndiyo, lilikuwa gobori. Na kile kilikuwa kidole.

Jumatano, 9 Oktoba

Naenda chooni mara nane, mara tisa kwa siku. Ni kidonge, si mimi. Kila safari ni adhabu.

Kwetu Nzega mkwe ni mkwe. Hatukai chumba kimoja, hatuli meza moja, jina lake silitamki. Nikitokea yeye anapisha. Miaka ishirini hajaniangalia usoni, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa, nilimsifia hata kwa dada zangu. Zamani maneno yetu alikuwa anayabeba Neema. Sasa Neema hayupo, nikitaka Baba Neema asikie jambo naiambia sufuria. Nasimama jikoni, nasema kwa sauti, yeye yuko sebuleni. Wewe sufuria, taa ya nje imeungua. Kesho yake taa inawaka. Mambo yanakwenda.

Lakini huku chini hakuna jiko wala sebule. Basi tumepata utaratibu bila kuambiana. Nakohoa mara mbili mlangoni. Yeye anaacha kazi, anaingia kwenye kile chumba kidogo cha mashine ya joto, ile inayopasha nyumba, anasimama humo na mgongo wake mbovu. Napita. Nikiwa narudi, nakohoa tena, anaingia tena. Anajua heshima. Watoto wa watu wengine huku wanawaita wakwe zao kwa majina.

Jumapili, 13 Oktoba

Didier kaja kula. Yeye ni mgeni, naye naongea. Kiswahili chake kama mtu anayetafuna karanga, lakini anasikika. Kaangalia meza akaisifu mpaka nikachoka. Kasema mwaka jana alikosa kulungu wawili kwa risasi za dukani, hizi za kujaziwa na rafiki yake hazitamkosesha. Ana watoto wanne na mdomo mkubwa.

Kanikuta nakula jikoni peke yangu. Akasema, "Mama, huku njo Canada. Huku mukwe na mama-mukwe banakumbatianaka."

Nikamwambia, "Wakumbatiane. Ndiyo maana wanaachana."

Kacheka mpaka kashika ukuta. Baba Neema naye nilimsikia sebuleni anakohoa. Alikuwa anacheka, nilijua.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nakubali, anafanya kazi safi. Mwaka jana walinitoa mtoto wa jicho, naona hata vumbi linavyotua, kwa hiyo nikipita naona. Maganda yamesimama kwenye ubao wenye matundu hamsini, mistari mitano, kumi kumi. Anapima baruti kwenye mizani, anamimina kwa faneli, anahamisha faneli ganda linalofuata. Baruti yenyewe ni kidogo, haijazi hata nusu ya ganda. Akiondoka, faneli inabaki imesimama kwenye ganda analotaka kujaza, ndiyo alama yake. Mstari ukiisha anamulika kwa tochi ndani ya kila ganda. Halafu ndiyo anabana kichwa cha risasi juu.

Nimeuza vitumbua stendi miaka kumi na minne. Kazi ya mtu anayejua alipoishia naitambua.

Jumatatu, 21 Oktoba

Tochi siku hizi iko juu ya rafu. Haijashuka tangu Ijumaa. Ameshajiona fundi.

Jumanne, 22 Oktoba

Naandika kama ilivyokuwa.

Saa tano asubuhi nilikohoa, akapisha. Nikapita. Faneli ilikuwa mstari wa tatu, ganda la saba. Nikaingia chooni. Nikamsikia anarudi, kiti kinalia. Halafu faneli ikaanguka, ikabingirika sakafuni, naye akaguna akiinama kuiokota. Kisha kimya. Kisha sauti ya mizani, ile pii yake.

Nikatoka, nikakohoa, akapisha. Faneli ilikuwa ganda la tano.

La saba lilikuwa limefikiwa. Sasa yuko la tano. Inarudi nyuma, haiendi mbele. Maana yake la tano na la sita, yenye baruti tayari, yatapata mara mbili, na yeye hajui. Nilisimama pale. Yeye yuko nyuma ya mlango ule mwembamba, hatua tatu kutoka kwangu, amejibana, anangoja nipite.

Nikapita.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimeiambia sufuria. Saa kumi, yeye yuko sebuleni. Nimesema kwa sauti ya kutosha jirani. Wewe sufuria, yule anayejaza maganda ayafungue ya jana, faneli ilianguka ikarudishwa siko. Nimesema mara mbili. Nikasikia kochi linalia.

Nimepumua. Nimekula vizuri leo.

Ijumaa, 25 Oktoba

Hajafungua kitu. Nimepita mara tatu makusudi. Amezibana zote, zimekaa kwenye visanduku viwili, hamsini hamsini, na karatasi ubavuni yenye mwandiko wake mzuri. Zote zinafanana. Ukiziangalia huwezi kujua ipi.

Labda alizikagua nilipokuwa nimelala mchana. Labda. Sipendi hili neno.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimemwuliza Pendo kama mumewe alisema chochote kuhusu faneli. Faneli gani? Nikamweleza. Kasema, mama, ana mizani. Nikamwambia mizani inapima kinachoingia, haipimi kilichokwisha kuingia. Kasema amechoka, ametoka kazini kuogesha wazee kumi na mmoja, tuyaache. Nikamwambia basi mimi nilishaiambia sufuria saa kumi, mume wako alikuwa sebuleni.

Akanitazama. Kasema saa kumi Baba Neema anafanya mazoezi ya mgongo kwenye kochi, na masikioni anakuwa na vile vya kusikilizia. Hasikii hata kengele ya mlango.

Kwa hiyo siku tano nimekula nikashiba, na sufuria peke yake ndiyo iliyosikia.

Nimemwambia Pendo umwambie wewe. Kasema haya. Najua haya yake.

Jumatano, 30 Oktoba

Hajamwambia. Eti alisahau, na pia eti mume wake siku hizi ana hasira, akisikia mama mkwe anamchunguza kazi ataona amedharauliwa ndani ya nyumba yake. Sikumzaa awe mwoga. Halafu nikajitazama mimi.

Nikasema nitasema tena na sufuria. Nikaenda jikoni saa nane. Yeye alikuwa uani. Saa tisa alitoka na gari. Saa kumi ana vitu masikioni. Nimesimama na sufuria mkononi kama kichaa.

Ijumaa, 1 Novemba

Didier kapita kuchukua visanduku. Kesho anaondoka, mwendo wa saa nne kwa gari kaskazini, kwenye kibanda cha mtu. Jumatatu alfajiri ndiyo msimu unafunguliwa. Kavaa kofia ya rangi ya machungwa humu ndani, anajionyesha kama mtoto wa sikukuu. Baba Neema alikuwa anamweleza risasi zake kwa mikono yote miwili. Sijamwona na furaha hivyo tangu Agosti.

Nilikuwa mlangoni jikoni. Nilikuwa na maneno mdomoni. Lakini niseme nini mbele ya mgeni? Kwamba mkwe wangu kaharibu kazi? Kwamba mimi mama mzima nimekuwa nikihesabu vitu kwenye meza yake kila nikienda kukojoa? Aibu ya Pendo, aibu yake, aibu yangu. Nikafikiri, labda ni moja tu. Labda ataipiga ya mwisho. Labda bunduki za wazungu hazipasuki.

Didier akaniaga, akashika mikono yangu. Nikamfungia maandazi ya njiani.

Maandazi. Mtu anabeba kifo kwenye begi, mimi namwongezea maandazi.

Jumamosi, 2 Novemba

Ameondoka. Mvua. Sikula.

Masanja aliishi miaka thelathini na mkono ule. Alikuwa anauficha kwenye mfuko hata msibani.

Jumapili, 3 Novemba

Leo wamerudisha saa nyuma, kama wanavyofanya huku kila baridi ikikaribia. Pendo kaenda kanisani. Mimi nilisema goti.

Nilikaa kitandani nimevaa. Nikamsikia anashuka, anakaa mezani, anafuta mashine yake. Nikafungua mlango bila kukohoa.

Akaruka, akageukia chumba cha mashine ya joto. Nikamwita kwa jina lake, lile alilopewa na mama yake. Hapa siliandiki. Nililisema mara moja, likatosha. Alisimama kama amepigwa mawe, uso ukutani.

Nikamwambia, "Usiingie humo. Geuka."

Hakugeuka. Nikaendelea hivyohivyo na mgongo wake. Nikamweleza Jumanne ile, ganda la saba, faneli kuanguka, ganda la tano. Nikamwambia kila nikienda chooni yeye anaondoka mara mbili, na kila akirudi anakisia. Nikamwambia tochi haijashuka kwenye rafu wiki mbili. Sauti yangu ilikuwa inatoka kama ya mtu anayegombeza watoto, sikuweza kuipata nyingine.

Akauliza ukuta, "Mama, tangu lini unajua?"

"Siku kumi na mbili."

"Na hukusema."

"Ningesema kwa mdomo upi? Nilisema kwa sufuria. Wewe ulikuwa umeziba masikio."

Hapo akageuka. Ana uso mwembamba kuliko nilivyofikiri. Ana kovu dogo kidevuni, miaka ishirini sikulijua. Alikuwa mweupe midomoni. Hakunifokea. Ningependa angefoka.

Alimpigia Didier simu mara sita. Kule hakuna mtandao, inajibu sauti ya mashine. Akachukua ufunguo wa gari. Nikamwambia mgongo wako. Akasema, "Mama, nipishe."

Nikampisha.

Jumapili, jioni

Pendo kanipigia kelele. Haki yake. Kasema mume wake akiumia njiani na mgongo ule itakuwa juu yangu, na Didier akiumia itakuwa juu yangu. Nikamwambia najua kuhesabu.

Kapika, hatukula. Redio inasema huko kaskazini kuna barafu barabarani.

Jumatatu, 4 Novemba

Saa moja asubuhi, hakuna simu.
Saa tatu, hakuna.
Msimu umefunguliwa tangu alfajiri. Nimekaa jikoni, nashtuka kila mlango wa jirani ukigongwa. Pendo hakwenda kazini. Tumekaa kama kwenye matanga, ila hakuna aliyetuambia ni ya nani.

Mke wa Didier kapiga simu saa tano kuulizia kama tuna habari za mume wake. Nilipokea mimi. Nikasema hatuna. Akasema akipiga nimwambie mtoto mdogo ameota jino. Nikasema nitamwambia. Nilipoweka simu chini mkono haukutaka kuachia.

Saa nane kasoro Baba Neema kapiga kutoka kituo cha mafuta. Pendo kasikiliza, kakaa chini sakafuni, kalia. Nikajua ameshakufa mtu. Halafu akasema, "Mzima. Wote wazima."

Jumanne, 5 Novemba

Nimepata habari kwa vipande, kupitia kwa Pendo.

Alifika kule jioni ya Jumapili. Kwenye kibanda hakuna mtu, gari la Didier lipo. Akasikia mlio wa bunduki nyuma ya miti. Didier alikuwa anajaribu bunduki kabla ya msimu, anapiga kwenye karatasi. Baba Neema akakimbia. Na ule mgongo. Anasema alikuwa anapiga kelele na kila baada ya muda mlio unatoka, na kila mlio ukitoka hakujua kama ndio ule. Alimkuta Didier ameshaingiza nyingine.

Alikuwa ameshapiga tisa.

Usiku ule alilala kibandani, barafu ikamzuia mpaka Jumatatu mchana, na simu ilishika mtandao pale kituo cha mafuta tu. Leo amekaa mezani kutwa, ameinama upande mmoja kwa maumivu, anang'oa kichwa kimoja kimoja na kumwaga baruti kwenye mizani. Tisini na moja. Mimi nilikaa kwenye ngazi. Hakusema niondoke. Sikwenda chooni mpaka alipomaliza, nilijibana kama yeye.

Saa kumi na mbili akapanda juu, akapita jikoni. Nilikuwa nimeinamia jiko. Akasimama mlangoni, akasema taratibu, "Wewe sufuria. Zilikuwa tatu."

Akaenda kulala.

Ijumaa, 8 Novemba

Tatu. Mbili ni za siku ile. Ya tatu ni ya siku nyingine, sikuiona. Na zile tisa zilizopigwa, hakuna wa kutuambia.

Didier aliambiwa ukweli hukohuko. Pendo anasema alicheka, halafu akaenda nje. Kanunua za dukani, amebaki kule.

Najiuliza kama ningenyamaza mpaka Jumatatu. Sijiulizi. Najua. Nilikuwa naelekea kunyamaza. Heshima yangu ilikuwa nzuri sana, ilikuwa imekaa vizuri kama kilemba, na chini yake mtu alikuwa anakwenda kufa.

Jumatano, 13 Novemba

Nimehamia juu. Ukuta mmoja nao. Anakoroma, kama nilivyosema.

Jumamosi, 16 Novemba

Theluji ya kwanza, nyepesi. Mke wa Didier kaja na watoto wote wanne. Mume wake amemwambia tu kwamba risasi zilikuwa na kasoro zikarudishwa. Kaleta mguu wa kulungu umefungwa kwenye gazeti, ananishukuru mimi, eti Pendo kamwambia mimi ndiye niliyegundua. Sikujua niangalie wapi. Nikamwuliza bei ya nyanya Pickering.

Kale kadogo ka kike, kenye jino, kalinipanda mapajani bila kuulizwa. Kalivuta kanga yangu, kakatafuna ncha, kakalala.

Baba Neema alitoka chumbani anatembelea fimbo. Alituona. Alisimama kidogo, hakugeuza uso, na mimi sikugeuza. Akaenda kukaa na wageni.

Walikaa mpaka saa kumi na moja. Goti liliuma, halafu mguu wote ukafa ganzi. Pendo akataka kunipokea mtoto. Nikamwambia mwache.